Kaka Alipodhaniwa Ana Kifafa

Nimeishi Mpanda, Tunduma, Songea, na kwa miaka miwili Bukoba, ambako mvua ilinichosha. Kila nilikokaa nimewahi kumweleza mtu habari ya kaka yangu na kichwa chake, mara nyingi mtu nisiyetarajia kumwona tena. Huwa naianzia hospitali, kwa sababu pale mimi nakuwa msindikizaji tu. Safari hii nitaianzia barabarani.

Ilikuwa katikati ya Kwaresima, enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wakati chama cha ushirika kilikuwa kimebaki jengo na mlinzi, na mazao yananunuliwa na yeyote mwenye lori na magunia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Cheti changu hakikunipeleka popote, nikawa utingo wa lori la tajiri mmoja wa Sumbawanga. Tulishusha bondeni sabuni, chumvi na mitumba, tukapandisha mchele. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, asiyekula peke yake. Alikuwa akinifundisha kuendesha kwa siri kwenye sehemu za tambarare, maana tajiri alikwisha kusema kwamba siku atakayosikia utingo ameshika usukani, wote wawili tutarudi nyumbani kwa miguu.

Safari hiyo tulikuwa na kaka yangu. Alikuwa fundi seremala mwenye kibanda chake Chanji, hapohapo mjini, na baada ya Pasaka alikuwa anaoa. Alitaka mbao za mninga za kitanda chake mwenyewe, tukazipata Mtowisa, kulekule bondeni. Wakati wa kurudi akakataa kukaa mbele nasi, akapanda juu ya magunia akae na mbao zake.

"Unaogopa zitakutoroka?" dereva akamtania.

"Mbao hazina neno. Namwogopa utingo wako, mdokozi tangu utotoni."

Kabla hatujaanza kuupanda mlima wa kutoka bondeni, dereva akaniachia usukani, akafunika uso kwa kofia. Barabara ilikuwa na utelezi. Ng'ombe wa Wasukuma wakatokea kwenye matete, wengi, hawana haraka, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Lori likateleza kiubavu, likasimama. Huko juu nikasikia kishindo kimoja kizito.

Kaka alikuwa amelala chali katikati ya magunia, kisogo kwenye bomba la chuma la bodi. Macho yalikuwa wazi nusu. Nilimwita, hakujibu. Mchunga ng'ombe alipanda na dumu lake la maji, akammwagia usoni. Ulipita muda wa kusali Baba Yetu moja, labda. Kisha kaka akaketi, akauliza, "Tumefika wapi?" Nikamjibu. Akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu mchunga ng'ombe alicheka, mimi sikucheka. Hakukuwa na damu. Hata nundu haikuonekana.

"Msomi, nisikilize," dereva akaniambia. Aliniita hivyo kwa sababu ya kile cheti. "Hapa hakuna kilichotokea. Ng'ombe hajafa, mtu hajafa, gari zima."

Nikamtazama kaka.

"Yaishe," akasema. "Mbona mnaniangalia kama maiti? Twendeni."

Kule mlimani alitapika mara mbili. Tukasema ni kona.

Siku ya tatu alitundika blanketi dirishani. Alisema mwanga unamchoma nyuma ya macho. Baada ya hapo akaanza kuzikwepa sauti: msumeno, randa, kuku, hata mama yetu alipokuwa akipepeta ulezi uani. Kaka alikuwa fundi wa kukadiria kwa jicho. Alifumba jicho moja, akauangalia ubao tangu mwanzo hadi mwisho, akakwambia palipopinda, na rula ikaja kumuunga mkono. Sasa alikuwa akiushika ubao na kuugeuza, anaushika tena. Mlango aliomtengenezea jirani ulirudishwa kwa sababu haukufunga. Akaurekebisha, ukarudi tena.

"Fundi, siku hizi unaanza saa ngapi?" jirani akamwuliza, akipiga koo kwa kidole.

Kaka hakuwa mnywaji. Alicheka kidogo, akashika meza asiyumbe.

Mimi nilijua. Siwezi kusema sikujua. Sikuwa na jina la ugonjwa, lakini nilijua siku ulipoanza na mkono ulioshika usukani ulikuwa wa nani. Kila asubuhi nilijiambia ngoja kwanza, kesho ataamka mzima.

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka padre alisoma tangazo la kwanza la ndoa yake. Watu waligeuka kumtazama, wakatabasamu. Kisha kwaya ikaanza, ngoma na kayamba, nikamwona kaka akikunja uso kama mtu anayetolewa mwiba. Tukapiga magoti. Tulipoinuka, yeye aliinuka nusu, akapapasa benchi la mbele, akaanguka kiubavu katikati ya mabenchi. Hakutupa miguu, hakutoa povu. Mikono yake tu ndiyo ilitetemeka, na hiyo nadhani ilikuwa aibu. Lakini mwanamke wa nyuma yetu alimvuta mwanawe, akamfunika mdomo na pua kwa khanga.

Kwetu, kabla ya kutoa binti, wazee huuliza mambo mawili katika ukoo wa mwanamume: ukoma na kifafa. Na kifafa watu waliamini huambukiza kwa mate ya mgonjwa. Kabla hatujafika kwenye ngazi za kanisa, ugonjwa wa kaka ulikuwa umeshapewa jina.

Katikati ya wiki mimi na kaka tulikwenda kwa wakwe, nje ya mji, kwenye barabara ya Kaengesa. Tulikaribishwa vizuri. Mama mkwe akaleta togwa. Vikombe vitatu vilikuwa vya bati, vyeupe, vyenye ukingo wa bluu. Cha nne kilikuwa cha plastiki, kimevunjika mkono, na hicho ndicho alichompa kaka, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kaka alikunywa togwa yote akashukuru. Mchumba wake alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alikitazama kile kikombe, akamtazama mama yake, akaingia ndani.

Tulipokuwa njiani kurudi kaka aliniuliza, "Umekiona kikombe?"

"Kikombe gani?" nikajibu.

Hakuniuliza tena.

Mama alitutuma hospitali. Daktari alikuwa kijana, makini, aliuliza maswali yote yanayopaswa kuulizwa. "Umewahi kugongwa kichwa? Kuanguka? Ajali?" Kaka alinigeukia. Najua sasa kwamba alikuwa akiniachia mimi niamue, kwa vile ahadi ya kunyamaza tuliyopeana kule barabarani ilikuwa ya kunilinda mimi na dereva. Nami nikajibu haraka kabla yake: "Hapana, daktari." Picha ya fuvu ikapigwa, ikaonekana safi. Daktari hakuwa na kitu kingine cha kushika isipokuwa ile habari ya kuanguka kanisani. Akaandika kifafa kwenye kadi, akaweka alama ya kuuliza mbele yake, akatoa vidonge.

Vidonge vilimfanya kaka asinzie juu ya randa. Baba wa binti alisikia habari za vidonge, akaenda kwa padre. Padre akasema tangazo la pili litangoja mpaka apate karatasi ya tabibu inayosema wazi kijana ana nini. Baba wa binti naye akasema karatasi ikiandika kifafa, mahari ataturudishia, na asilaumiwe.

Kwa hiyo nikamtafuta Sista.

Alikuwa mtawa wa makamo, Mfipa wa hukohuko, kwenye zahanati moja upande wa Kaengesa. Watu walisema anajua sana kuwatibu vijana wanaoanguka na baiskeli. Nilimpakia kaka kwenye keria ya baiskeli. Njia nzima alifumba macho na kunishika kiuno, kwa sababu nyasi zikipita pembeni alikuwa anataka kutapika. Tulisimama mara nne.

Sista hakuanza na dawa. Alitoa viberiti vitatu kwenye mfuko wa vazi lake. "Fumba macho. Nusa, hiki nini?"

"Sisikii kitu."

"Na hiki?"

"Hapana."

"Hiki?"

"Labda... kitu cha baridi."

Ndani vilikuwa na kahawa, sabuni ya kufulia na karafuu. Kaka yangu, aliyekuwa akinusa vumbi la msumeno akakutajia mti! Sista aliviweka pembeni. Akachukua penseli, akaisogeza polepole kuelekea puani pake. "Nijulishe zikiwa mbili." Penseli ilikuwa bado mbali, urefu wa mkono wangu toka kiwiko mpaka kidole, kaka akasema, "Mbili." Sista akaipeleka kulia na kushoto, kaka aifuate kwa macho. Macho yalifuata, yakakwama, yakaruka, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kisha akamsimamisha juu ya godoro lililokunjwa, miguu pamoja, macho yamefumbwa, na yeye mwenyewe akamzungushia mikono bila kumgusa. Kaka alihesabu mpaka tatu, akaanguka kushoto, mzimamzima, juu ya yule mtawa mfupi.

"Usiniue, kijana, bado nina sala za jioni," Sista akasema, akamkalisha. Mimi nilicheka. Kaka alikuwa akilia.

"Huyu simwoni na kifafa," akaniambia. "Mwenye kifafa anaanguka, akishazinduka na kupumzika dunia yake inarudi. Huyu dunia inamyumbisha asubuhi mpaka jioni. Macho yanamwambia hivi, masikio yanamwambia vile, miguu haijui imsikilize nani. Picha ya hospitali inaonyesha mfupa. Mfupa ni mzima. Kilichotikiswa kiko ndani ya mfupa. Nani alikitikisa?"

"Sista, tuliahidiana," kaka akasema.

"Mimi sijaahidiana na mtu."

Nikasema. Nilisema yote, na ng'ombe, na breki, na kile kishindo, mpaka blanketi la dirishani. Kaka alikuwa ameinama. Sista alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili tu: alizimia muda gani, na alipozinduka alirudia maneno? Nikajibu. Akashusha pumzi.

"Amejifungia gizani tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu."

"Siku chache zingetosha. Majuma yote haya mmemfundisha kuogopa mwanga."

Akatupa masharti. Yeye mwenyewe angemwandikia daktari habari ya vidonge, tusiviache kwa akili zetu. Blanketi lipunguzwe dirishani kidogokidogo. Tuchore msalaba wa masizi ukutani, usawa wa macho. Kaka autazame bila kubandua, ageuze kichwa kulia, kushoto, juu, chini, polepole, mpaka kizunguzungu kianze, apumzike, arudie. Penseli puani asubuhi na jioni. Vile viberiti vitatu avinuse kila siku, hata kama hasikii kitu, akikumbuka harufu yake. Atembee njiani, halafu kwenye nyasi, halafu shambani. "Kizunguzungu kikija kidogo usikikimbie," alimwambia. "Kikija kikubwa, tafuta kitu kisichotikisika, kikazie macho, ngoja."

Kisha akanigeukia mimi. "Barua ya padre nitaandika hana dalili za kifafa, ana kichwa kilichopigwa. Wataniuliza kilipigwa na nini. Wewe ndiye utakayewajibu, na kwenda utakwenda mwenyewe."

Kesho yake asubuhi nilimkuta dereva akikaza nati za magurudumu. Nilimweleza. Hakusimama, aliendelea kukaza.

"Kaka yako hajafa," akasema.

"Anaachwa, mzee. Wanasema ana kifafa."

"Wanangu nao wanakula kwa gurudumu hili hili."

"Anaoa."

"Hata mimi nimeoa, Msomi. Watu wote wameoa." Akatupa spana chini. "Nilikupa usukani kwa sababu ulikuwa unauangalia kama mtoto anavyoangalia nyama ya wageni. Ningekunyima, tungekuwa wapi leo? Nenda kaseme. Ila ukishasema, usinipitie hapa kunipa pole."

Jioni ya siku hiyo nilisema mbele ya baba wa binti. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, binti nyuma yake, na kaka kando yangu. Nilipomaliza, mzee alinigeukia.

"Mke wangu amemtenga kijana huyu vyombo, na wewe umekaa hapohapo ulipo, unakunywa togwa."

"Ndiyo, baba."

"Ilikuwa tamu?"



Akamgeukia kaka. "Na wewe ulijua."

"Nilijua nimegongwa, baba. Sikujua kwamba ndicho kinachonitesa. Nilifikiri labda nyie mko sawa."

Hapo mama mkwe alifunika uso kwa khanga.

"Barua ya Sista nimeisikia," mzee akasema. "Siibishii. Lakini barua hailimi. Wote waliooa kwangu wamenifukia nyasi shambani. Mvua zinakwisha, udongo utakauka. Baada ya wiki mbili njoo na wewe, nikuone."

Mtu asiyejua Ufipa aelewe kazi hiyo. Mwishoni mwa masika unakatua majani pamoja na udongo wake, unayageuza uso kwa uso, unayarundika, unayafunika kwa udongo mpaka linakuwa tuta la duara linalofika magotini au kuzidi. Majani yanaozea humo yawe mbolea ya mwaka unaofuata. Unaifanya umeinama, ukilizunguka tuta, unainuka, unainama tena. Mtu angekaa chini abuni kazi ya kumtesa mwenye kizunguzungu, asingepata iliyo bora zaidi. Mzee hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu.

Wiki mbili hizo nilikaa na kaka kila siku. Tajiri alikuwa ameshasikia, na sikuwa tena na lori la kwenda nalo. Nilishika penseli, nikahesabu mizunguko ya kichwa. Siku nyingine alifika thelathini, siku iliyofuata kumi ikamshinda, akalala. Mchumba wake alikuja mara mbili na dada yake, akaomba aelezwe kazi ya ule msalaba ukutani. Kaka alimweleza. Mara moja, akiwa amechoka, aliniambia bila hasira, "Ungemwambia daktari siku ile, sasa hivi labda ningekuwa mzima." Nikasogeza penseli. "Mbili," akasema.

Siku yenyewe ikafika. Uwanda wa kule kwa wakwe hauna miti. Ni nyasi mpaka upeo wa macho, na upepo haupumziki. Mimi niliketi kwenye ukingo wa shamba, nimekatazwa kushika jembe. Kaka alianza vizuri. Alitengeneza tuta la kwanza na la pili. Kwenye la tatu alipiga goti, akashikilia mpini kama mzee na fimbo. Nilimwona akiinua uso, macho yakitafuta. Nilijua anatafuta nini, nami nikatafuta pamoja naye, na hapakuwa na kitu. Kila kitu kilitikisika. Nyasi zilikwenda huku na kule, mawingu yalikimbia, hata mzee mwenyewe alikuwa akitembeatembea.

Mama mkwe akamwambia mumewe kwa Kifipa kwamba inatosha, kijana aitwe akae.

Ndipo binti alipotoka jikoni. Alipita pembeni ya shamba mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akasimama, mikono imeshuka ubavuni, khanga ameikaza kiunoni isipeperuke.

"Wewe!" mama yake akapaza sauti. "Mchumba haangaliwi akilima! Rudi huku!"

"Simwangalii, mama. Nimesimama tu."

Kaka alimkazia macho. Alikaa hivyo goti chini, kisha akasimama. Akalima upande mmoja wa tuta, akainuka, akamtazama. Akahamia upande wa pili, akainuka, akamtazama. Alianguka mara moja, akainuka mwenyewe. Jua lilipanda. Mzee alifuata nyuma akiyasukuma matuta kwa mguu.

"Matuta gani haya, yamelala ubavu?" akanung'unika. "Mvua moja tu yanakwenda."

Mstari ulipokwisha, kaka alikuwa hatua chache kutoka kwa binti, shati limemganda mgongoni.

"Sasa unaweza kwenda," akamwambia.

"Hilo la mwisho hujalifunika," binti akajibu, na hakutikisika mpaka alipolifunika.

Mzee alilisukuma na hilo kwa mguu. Kisha akasema, kama anayezungumza na shamba, "Padre aambiwe asome." Niliinuka nichukue jembe, angalau niyanyooshe yale matuta. Akaninyang'anya. "Wewe kaa," akasema. Nikakaa.

Ndoa ilifungwa kabla majani hayajakauka. Kaka alipona kwa miezi, si kwa siku, na mpaka leo kelele nyingi humrudisha chumbani. Kahawa aliisikia tena baada ya mwaka. Harufu ya kitu kinachoungua haisikii. Mkewe ndiye humwambia. Nikienda Chanji wananipokea, wananipikia, watoto wananing'ang'ania. Kaka hajawahi kuirudia habari hiyo. Mimi ndiye ninayekaa siku nne, ya tano natafuta basi.

Dereva hakupata lori jingine Sumbawanga. Niliambiwa yuko Kirando, baadaye nikaambiwa amehamia Namanyere. Nimefika kote kuwili. Nimesimama sokoni, nikamwulizia kwa mtu wa kwanza niliyemwona, na alipokuwa bado akimwita mwenzake amsaidie kukumbuka, nikashukuru, nikaondoka.